Mpira Hutolewa Nyuma

Somo: 2 Timotheo 2:1-7



Wakati wa sikukuu ya Krismasi mjukuu wangu anayesoma Nairobi alikuja kutusalimu. Jioni moja, tulipokwisha kula, aliniketisha karibu yake akanionyesha mchezo katika simu. Niliona vijana wenye nguvu wakikimbizana na mpira wenye umbo la yai. Mwenye mpira alikuwa amebakiza hatua chache tu afike mwisho wa uwanja. Mara akageuza mabega na kuutupa mpira nyuma yake.

Nikasema, “Mjukuu wangu, huyu ana akili kweli? Mwisho uko mbele, naye anatupa mpira nyuma!”

Akacheka, akanijibu, “Babu, hii ni raga. Ndiyo sheria yake. Huruhusiwi kumpa mwenzako mpira kwa mkono ikiwa yuko mbele yako. Unampa aliye nyuma tu.”

Usiku ule sikupata usingizi mapema. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka mingi, nimesimamia mechi nyingi za mpira wa miguu na netiboli za UMITASHUMTA, lakini sijapata kuona sheria ya namna hiyo. Kadiri nilivyoitafakari ndivyo nilivyoona kwamba Bwana ananisemesha, na tena kwamba ananionya. Kasisi wetu amenipa nafasi katika gazeti hili la parokia. Basi nawaletea yale niliyojifunza, pamoja na ungamo langu mwenyewe.

1. MCHEZO WENYEWE

Wengi wetu huku Shinyanga na Geita hatuujui mchezo wa raga, kwa hiyo nitaueleza kwa kifupi. Mwenye mpira hukimbia nao akiukumbatia. Wapinzani huruhusiwa kumkamata na kumwangusha. Akifaulu kufika ng'ambo ya mstari wa mwisho na kuugusisha mpira chini, timu yake hupata pointi 5, na bao hilo huitwa trai. Mpira waweza kupigwa mbele kwa mguu, lakini kwa mkono hutolewa pembeni au nyuma tu. Timu kamili ina wachezaji 15. Iko pia raga ya wachezaji saba saba, ambayo vipindi vyake viwili ni vya dakika saba saba.

Katika timu ya watu 15 yuko mmoja avaaye namba 10. Huyo hupokea mpira kabla ya wengi, na katika kufumba na kufumbua hana budi kuamua: akimbie nao, aupige kwa mguu, au ampe mwenzake anayekuja kwa kasi. Akichelewa kidogo, ataangushwa na mpira utapotea. Sifa kubwa ya namba kumi ni kujua saa ya kuuachia mpira.

Jambo jingine lilinifurahisha. Inasimuliwa kwamba mwaka 1823, katika shule iitwayo Rugby huko Uingereza, mwanafunzi mmoja, William Webb Ellis, alikuwa akicheza mpira wa miguu akaushika mkononi na kukimbia nao, na mchezo huu ukapata chanzo chake hapo. Wataalamu wa historia wana mashaka na hadithi hiyo. Lakini kijana mwenyewe alikuwapo kweli, naye baadaye alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, kanisa lililo mama wa Kanisa letu Anglikana. Alihudumu London, akafa mwaka 1872, na kaburi lake liko Menton, Ufaransa. Kombe la dunia la raga limepewa jina lake.

Kwa miaka mingi wachezaji wa raga walikatazwa kulipwa. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1995, na tangu hapo raga imekuwa kazi ya kumpatia mtu riziki, kama ualimu au uchimbaji.

2. SAFARI YA NDUGU WA NAIROBI

Mjukuu wangu alinipa habari za jirani zetu wa Kenya, Collins Injera na kaka yake Humphrey Kayange. Kayange alizaliwa mwaka 1982, na Injera mwaka 1986. Wote wawili, pamoja na ndugu yao Michael Agevi, wameichezea Kenya raga ya wachezaji saba.

Injera aliingia timu ya taifa mwaka 2006. Katika msimu wa 2008 hadi 2009 alifunga trai 42, akawaongoza wafungaji wote katika mfululizo wa mashindano ya dunia. Mwaka huo wa 2009, mwezi wa Machi, Kenya waliwatoa Fiji, waliokuwa mabingwa, katika robo fainali ya Kombe la Dunia huko Dubai, kisha wakashindwa na Argentina katika nusu fainali. Baadaye walifika fainali ya mashindano ya Adelaide, wakashindwa na Afrika Kusini. Mwaka 2013 walifika fainali tena huko Wellington, wakashindwa na Uingereza. Mara mbili walifika mlangoni bila kuingia.

Tarehe 17 Aprili 2016 waliingia. Huko Singapore Kenya waliwafunga Fiji pointi 30 kwa 7, nao Fiji ndio waliotwaa dhahabu ya Olimpiki miezi minne tu baadaye. Injera alichaguliwa mchezaji bora wa fainali hiyo. Mwezi uliofuata, mjini London, alipita idadi ya trai 230 za Santiago Gómez Cora wa Argentina, akawa mfungaji aliyeongoza katika historia yote ya mfululizo ule. Hapo kijana wa Afrika Mashariki alisimama mbele ya dunia nzima.

Je, alikaa juu daima? La. Dan Norton wa Uingereza alimpita, akaendelea mpaka akazidi trai 350. Mpanda ngazi hushuka. Ndivyo ilivyo michezo, ndivyo yalivyo maisha, hata migodi yetu ndivyo ilivyo. Wazee wanakumbuka kwamba mgodi wa zamani wa Geita ulianza mwaka 1936, ukavuma Afrika Mashariki yote, na mwaka 1966 ukafungwa. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, nao pia utakuwa na mwisho wake.

Sasa mwangalieni kaka mtu. Kayange alikuwa nahodha wa timu ya Kenya. Wakati ulipofika, unahodha ulikwenda kwa Andrew Amonde, mdogo wake kwa umri. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 Kayange alikuwamo kikosini, na nahodha alikuwa Amonde. Kenya hawakufanya vizuri huko Rio. Walikuwa wa 11. Lakini mimi naona ushindi ambao hauandikwi katika matokeo: mtu aliyekuwa anatoa amri sasa anapokea amri, na bado anakimbia kwa nguvu zake zote. Mwaka 2021 Kayange alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Kuachia unahodha hakukumpunguza kitu.

Yuko na wa tatu. Mwalimu wa timu ile huko Dubai mwaka 2009, na tena huko Singapore mwaka 2016, alikuwa Mkenya, Benjamin Ayimba, ambaye zamani alikuwa mchezaji mwenyewe. Mwezi wa Mei mwaka 2021 alifariki, akiwa na umri wa miaka 44, baada ya kuugua malaria iliyopanda kichwani. Sisi wa Kanda ya Ziwa twaujua ugonjwa huo. Hakuna ukoo katika parokia hii ambao haujazika mtu kwa ajili yake. Ayimba hakupewa uzee. Kama angaliyaweka maarifa yake kifuani, yangalizikwa pamoja naye. Lakini alikuwa ameyaweka ndani ya vijana.

3. MIKONO MINNE

Ndugu zangu, fungueni somo letu. Mtume Paulo yuko kifungoni, naye anajua kwamba mwisho wake umekaribia. Anamwagiza Timotheo kwamba yale aliyoyasikia kwake ayakabidhi kwa watu waaminifu, watakaoweza kuwafundisha na wengine. Hesabuni mikono katika mstari ule wa pili. Mkono wa kwanza ni wa Paulo, wa pili wa Timotheo, wa tatu wa watu waaminifu, wa nne wa hao wengine. Paulo hatamwona yule wa nne, hata jina lake halijui, lakini anatoa mpira kwa ajili yake. Kisha katika mstari wa tano anatuambia kwamba mshindani hapewi taji asiposhindana kwa halali. Na sheria ya mbio zetu ni hiyohiyo ya mstari wa pili: kukabidhi.

Mtazameni Musa katika Hesabu 27. Ameambiwa kwamba hataingia nchi ya ahadi. Hakununa. Alimwomba Mungu awape watu kiongozi wasije wakawa kama kondoo wasio na mchungaji. Kisha akamsimamisha Yoshua mbele ya kuhani na mbele ya mkutano wote, akaweka mikono yake juu yake. Musa alifanya hivyo angali hai, mchana, watu wote wakiona, hata asiwepo mtu wa kumdharau Yoshua baadaye.

Mtazameni Sauli naye, katika 1 Samweli 18. Wanawake waliimba kwamba Daudi amempita. Tangu siku ile Sauli alimtazama Daudi kwa jicho la wivu, na mkuki haukuwa mbali na mkono wake. Aliyepaswa kuwa mrithi akawa adui. Nchi ikapoteza miaka, na Daudi akaishi mapangoni.

Tuna Musa wangapi katika parokia yetu, na Sauli wangapi?

4. UNGAMO LANGU

Nisiwanyoshee wengine kidole. Kwa miaka 17 nimekuwa mwalimu wa kwaya katika mtaa wetu. Mnanijua. Nilijifunza sol-fa chuoni nikisomea ualimu, nikawafundisha wengi. Kati ya hao alikuwamo kijana mmoja mwenye sikio kali kuliko langu. Sauti ya tatu ikishuka kidogo, mimi nilikuwa bado sijagundua, yeye amekwisha kukunja uso.

Mwaka mmoja kabla ya Pasaka alinijia kwa adabu. “Shikamoo Mwalimu.” Nikamwitikia, “Marahaba mwanangu.” Akasema, “Mwalimu, naomba mwaka huu niongoze wimbo mmoja tu, na wewe uwepo pembeni.” Nikamjibu, “Subiri, mwanangu. Wakati wako utafika.” Mwaka wa pili aliniomba tena, nami nikamjibu vivyo hivyo. Mwaka wa tatu hakuomba. Alikuwa amekwenda machimboni Nyarugusu.

Niliwaambia watu kwamba vijana wa siku hizi wanapenda fedha kuliko Mungu. Nilisema hivyo hata kanisani, na wengine wakaitikia Amina.

Kisha Bwana akanigusa koo. Wiki mbili kabla ya Krismasi ya mwaka juzi nilikauka sauti nikashindwa hata kunong'ona. Mnakumbuka ibada ile. Kwaya ilisimama, wakatazamana, kila mmoja akaanza kwa ufunguo wake, na wimbo ukafia katikati. Mama mmoja alianzisha pambio ili kutuokoa na aibu. Mimi nilikaa bencheni nikitazama sakafu. Mpira ulikuwa mikononi mwangu, nami nilikuwa nimeangushwa, na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimemfukuza.

Baada ya kuiona ile sheria ya raga, nilipanda gari kwenda Nyarugusu kumtafuta. Nilimkuta kwenye karasha, vumbi la mawe limemfunika hata nyusi. Aliponiona alikimbia akanawa mikono kwanza, ndipo akanisalimu. Nikamwambia, “Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi. Nilikunyima kwa sababu niliogopa kwamba watu watakusikia wewe wanisahau mimi.” Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Mwalimu, nisikudanganye. Niliumia. Lakini sikuondoka kwa hasira tu, niliondoka na kwa njaa pia. Mama alikuwa na deni la mbegu, na wadogo zangu walihitaji sare za shule.”

Hapo nilihukumiwa mara mbili. Nilikuwa nimemnyima nafasi, tena nilikuwa nimehubiri juu yake bila kumwuliza hali ya nyumbani kwao.

Jioni akanichukua mahali wanapokusanyika, chini ya turubai lililofungwa kwenye miti minne. Walikuwapo wachimbaji kama 20, wengine na tochi zao bado kichwani. Nao waliimba kwa sauti nne. Alikuwa amewafundisha sol-fa kwa mkaa juu ya kipande cha bati. Kila kosa nililozoea kulisahihisha aliwasahihisha kwa maneno yangu, hata kugonga kidole juu ya meza nilivyokuwa nikigonga mimi. Basi mpira ulikuwa umefika mkono wa tatu bila mimi kuutoa. Mungu hakungoja ruhusa yangu.

5. TUFANYE NINI?

Kwanza, sisi wazee. Mpira hutolewa kabla hujaangushwa. Mweka hazina anayejua yeye peke yake mahali vilipo vitabu, katibu ambaye kumbukumbu zote zimo kichwani mwake, mama kiongozi ambaye hajapata kumwachia mwenzake kuendesha kikao hata kimoja, hao wote wanakimbia na mpira huku kifo na maradhi vinawafuata nyuma. Cheo ni dhamana. Tena usiutupe ovyo. Katika raga mpira mbaya humwumiza anayeupokea, kwa maana adui humfikia pamoja nao. Ukimpa kijana ofisi bila kumfundisha, halafu ukakaa pembeni ukingoja aanguke ili upate kusema “nilijua”, hujakabidhi kitu. Umemtega.

Pili, ninyi vijana. Anayepokea hupokea akiwa mbioni. Asiyekimbia nyuma ya mwenye mpira hawezi kulaumu kwamba hakupewa. Njoni mazoezini, someni Neno, fikeni kwa wakati, ulizeni maswali. Mkikataliwa, msiache kuimba. Yule ndugu yenu alikataliwa mara mbili na mtu aliyemheshimu, akaenda na wimbo hadi penye karasha.

Tatu, sisi sote kama parokia. Vijana wetu wanapokwenda Nyarugusu, Katoro, Kahama au Mwadui kutafuta riziki, tusiwafute katika daftari. Njaa siyo dhambi. Tuulize kabla ya kuhukumu. Na mahali wanapokusanyika chini ya turubai, sisi twende kwao. Nimekwisha kumwomba kasisi afike huko na Meza ya Bwana, naye amekubali.

Mimi mwenyewe nimekwisha kuwapa taarifa wazee wa kanisa. Jumapili ya Pentekoste kijana huyo atakuja kutoka machimboni, naye atasimama mbele ya kwaya. Nitamkabidhi kitabu changu cha nyimbo na ile fimbo yangu ya kuongozea mbele ya kusanyiko lote, kama Musa alivyofanya mchana. Hataweza kuwapo kila Jumapili, kwa sababu ya kazi. Kwa hiyo ameomba wasichana wawili wajifunze pamoja naye ili washike zamu. Hata hajapokea, amekwisha kutafuta mkono wa nne! Mimi nitakaa mstari wa nyuma pamoja na sauti ya nne, nikiimba ninavyoelekezwa. Nakiri kwamba moyo wangu bado unauma kidogo. Niombeeni.

Yohana Mbatizaji, wanafunzi wake walipolalamika kwamba watu wanamwendea Yesu, alijibu kwamba yeye hana budi kupungua na Bwana hana budi kuzidi. Na Bwana wetu Yesu Kristo mwenyewe, mwenye mamlaka yote, aliyaweka mambo ya ufalme wake mikononi mwa wavuvi na mtoza ushuru, watu waliomkimbia usiku wa kukamatwa kwake. Kama yeye hakuogopa kuwaamini watu wa namna hiyo, sisi ni nani hata tumwogope kijana wa kwaya?

Tuombe.

Ee Baba yetu, uliyetuita kwa neema bila kustahili kwetu, utusamehe sisi wazee tulioshika kwa nguvu kitu ambacho si chetu. Utupe macho ya kuwaona wanaokuja nyuma yetu, na mikono iliyo tayari kufunguka. Uwalinde watoto wetu walio chini ya ardhi na walio juu yake wakitafuta mkate. Uwafanye kuwa waaminifu, wapate kuwafundisha na wengine, hata atakapokuja Mwanao, ambaye mbele zake sote tutaweka chini mataji yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.